Injini kukaa nyuma ndiyo inayoifanya 911 iwe gari ya kila siku

Ukikaa na watu wanaopenda magari ukaitaja Porsche 911 hukawii kuambiwa kwamba injini yake imewekwa pabaya, nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli ya nyuma, ule mhimili unaobeba tairi za nyuma, na kwamba mainjinia wa Porsche kule Stuttgart wana miaka 60 wanarekebisha kosa la mwanzo. Mimi hiyo hoja siikubali hata kidogo na leo nataka niseme kwa nini, maana hii gari naiendesha kila siku, jua, mvua na theluji za huku Ujerumani, napeleka watoto shule, naenda kazini, naenda sokoni, na ninavyozidi kuitumia ndivyo ninavyozidi kuona kwamba hicho wanachokiita kosa ndicho kinachoifanya iwe gari ya spoti unayoweza kuishi nayo. Mbio zake na urahisi wake wa kila siku vimetoka kwenye uamuzi uleule mmoja.

Nianze na nafasi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Gari nyingi za mbio kali za siku hizi, Ferrari, Lamborghini, McLaren, hata Porsche Cayman, injini inakaa katikati, yaani mbele ya ekseli ya nyuma, mgongoni kwako kabisa. Kwa kona ni mpangilio mzuri sana, uzito umekusanyika katikati ya gari, sibishi. Ila pale ilipokaa injini ndipo siti za nyuma zingekaa, kwa hiyo unabaki na siti mbili basi. Sasa ukiisukuma injini nyuma zaidi mpaka ivuke ekseli, pale katikati panabaki wazi, na ndiyo maana 911 ya kawaida tangu ile ya kwanza iliyooneshwa Frankfurt mwezi wa 9 mwaka 1963 imekuja na visiti viwili vya nyuma. Ni vidogo, mtu mzima akikaa humo safari ndefu atalalamika, lakini mtoto anakaa vizuri na kiti chake kinafungwa, na watoto wasipokuwepo unalaza migongo ya siti unapata sehemu pana ya kuwekea mabegi. Mbele chini ya boneti ndiko kwenye buti, lita 130 na ushee kwenye hii 997 yangu (namba ya toleo la 911 lililoanza 2004), na lina kina, mifuko ya sokoni inasimama wima haimwagiki. Injini yenyewe ni bapa, silinda 6 zimelala, tatu kila upande, kwa hiyo ni fupi na uzito wake uko chini karibu na lami.

Na kwetu Afrika Mashariki injini ya nyuma si kitu kigeni jamani. Bajaji injini iko nyuma. Volkswagen Kombi zile za zamani na Beetle injini ilikuwa nyuma. Mabasi ya mikoani ya siku hizi, Yutong na wenzake, injini iko nyuma, waliokaa siti za mbele wanasafiri kimya na waliokaa ile siti ndefu ya mwisho wanakula joto na ngurumo. Sababu ya wenye mabasi ndiyo hiyohiyo ya 911, injini ikikaa kule mwisho, sehemu yote iliyobaki ni ya watu na mizigo.

Kingine ambacho huwezi kukisoma kwenye karatasi ya vipimo mpaka ukae mwenyewe kwenye usukani ni kuona mbele. Mbele hakuna injini, kwa hiyo boneti iko chini, inashuka, na zile mabega za taa zinainuka kushoto na kulia kiasi kwamba ukiwa umekaa unajua kabisa tairi zako za mbele ziko wapi. Kioo cha mbele kimesimama, nguzo zake ni nyembamba ukilinganisha na gari nyingi za spoti, unaona taa za barabarani bila kuinama. Bodi ya 997 ya kawaida ina upana wa milimita 1808, inaingia kwenye maegesho ya chini ya majengo ya zamani ya huku ambayo yalijengwa wakati gari zote zilikuwa ndogo. Stelingi nayo ni nyepesi bila kuwa tupu, kwa sababu tairi za mbele hazibebi uzito wa injini wala hazivuti gari, kazi yake ni kukata kona na kukuletea habari za barabara mikononi. Hiyo hisia ukishaizoea gari nyingine nyingi zinakuwa kama zimekufa ganzi.

Haya, sasa mbio. Kama asilimia 60 ya uzito wa gari uko juu ya tairi za nyuma, na hizo ndizo zinazosukuma. Ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma zaidi, kila gari iko hivyo, lakini hapa unazikuta tairi tayari zimebanwa chini na injini, kwa hiyo badala ya kuzunguka bure zinashika na gari inaondoka. Ndiyo sababu 911 inatoka kwenye kona kwa namna ambayo gari za injini ya mbele zenye nguvu nyingi kuliko yenyewe zinapata shida kuifuata. Na kwenye breki watu wengi hawajui hili, ukifunga breki kwa nguvu uzito unakimbilia mbele, kwenye gari ya injini ya mbele tairi za nyuma zinabaki hewahewa hazina la kufanya, mzigo wote zinabeba za mbele peke yake. Kwenye 911 nyuma bado kuna injini inayokandamiza, tairi zote 4 zinafanya kazi ya kusimamisha gari. Wakati wa theluji nikiwa na tairi za baridi naondoka kwenye mlima wa mtaani kwetu bila wasiwasi, na gari yangu inasukumwa na tairi mbili tu za nyuma.

Lakini siwezi kuandika haya nikaficha upande wa pili. Ukiwa katikati ya kona, umekanyaga mafuta, ukashtuka ukaachia ghafla, uzito unaruka mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mzigo wa kuzishikiza, na wakati huohuo ule uzito wote wa injini unataka kuendelea kwenda nje ya kona. Ni kama nyundo uliyoirusha, kichwa ndicho kinachotangulia. Mkia unazunguka na ukishaanza kuzunguka kuurudisha ni kazi. Zile 911 za mwanzo zilikuwa kali hivyo kweli, mpaka kiwanda kikawa kinaweka vipande vya chuma kwenye bampa ya mbele kuongeza uzito, halafu kwa magari ya mwaka 1969 wakaisogeza ekseli ya nyuma ikarudi nyuma zaidi, umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ukatoka milimita 2211 hadi 2268, na betri wakaigawa mbili wakaziweka kule mbele. Milimita 57 zinaonekana si kitu ila wanaojua zote mbili wanasema gari ilitulia. Kisha ikaja 911 Turbo, iliyoingia sokoni mwaka 1975 na hospawa 260, turbo yake ilikuwa inachelewa, unakanyaga hakuna kitu, halafu nguvu inakuja yote kwa mpigo ukiwa tayari uko ndani ya kona. Ile haikuwa gari ya mtu asiyejifunza.

Dawa yake haijabadilika mpaka leo na inafundishika. Maliza breki gari ikiwa imenyooka, ingia taratibu, ukishageuza weka mafuta kidogokidogo na usiyaachie, mafuta ndiyo yanayoituliza nyuma. Kwenye 911 za kuanzia 993, toleo la miaka ya 90 ambalo walibadilisha kabisa mikono ya sasipensheni ya nyuma, na zaidi kwenye zile zenye kompyuta ya kuzuia kuteleza, hutaliona hilo tatizo kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani. Ila napenda watu wajue lipo, kwa sababu kujua kunakufanya uwe dereva mzuri hata ukirudi kwenye Corolla.

Kuna kipindi Porsche wenyewe waliichoka. Mwaka 1977 walitoa 928, injini V8 mbele, starehe tele, na mpango ulikuwa hiyo ndiyo iirithi 911. Alipoingia Peter Schutz kuwa mkuu wa kampuni mwaka 1981 akakuta mstari wa 911 kwenye chati ya mipango ya magari, ofisini kwa Helmuth Bott, mkuu wa mainjinia, unaishia mwaka huohuo, akachukua kalamu akauendeleza mpaka nje ya chati, ukutani. Kile kisa nakipenda mno maana 928 ilikufa miaka ya 90 na 911 bado inatengenezwa.

Kwa sisi Waswahili kuna sehemu ya historia hii ambayo ni yetu kabisa, nayo ni Safari Rally. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda akiwa na Volkswagen Beetle, hospawa chache mno lakini injini iko juu ya tairi zinazosukuma, kwenye matope inapanda wakati wengine wanasukumwa. Mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda tena na Beetle. Porsche nao wakaja na 911: Sobiesław Zasada akawa wa pili 1972, Björn Waldegård wa pili 1974, na 1978 Vic Preston Jr, mtoto wa yule wa 1954, akawa wa pili na 911 SC. Mara tatu ya pili, ushindi haukuja, na bado inaniuma. Lakini hebu fikiria njia za Kenya za miaka ile, mawe, vumbi, matope ya Pasaka, halafu gari ya spoti iliyoinuliwa tu inamaliza ya pili. Baadaye kwenye East African Safari Classic ya magari ya zamani Waldegård akarudi mwaka 2011 na 911 akashinda. Na Porsche walipotoa 911 Dakar mwishoni mwa 2022, gari 2,500 tu, iliyoinuliwa milimita 50 na yenye uwezo wa kujiinua 30 nyingine, waliweka na michoro ya kubandika ya kukumbuka Safari za 1971, 1974 na 1978. Hawakusahau.

Wapo watakaoniambia mbona gari ya mbio za Le Mans, 911 RSR ya 2017, injini waliihamishia mbele ya ekseli. Ni kweli, walitaka nafasi kule nyuma chini ya bodi ya kupitisha hewa inayoikandamiza gari. Lakini kwenye gari ya mashindano siti ya nyuma haihitajiki, ukiitoa hoja ya siti hesabu inabadilika. Kwenye gari zenye namba za barabarani, 911 GT3 RS ya 2022, injini nyuma, hospawa 525 bila turbo, ilizunguka kilomita 20.8 za uwanja wa mbio wa Nürburgring huku Ujerumani kwa dakika 6 na sekunde 49.3. Hiyo inanitosha.

Kama unafikiria kununua iliyotumika, nakuomba uangalie mambo machache. Zile 996 (toleo lililotangulia 997) na 997 za mwanzo mpaka 2008, za kawaida si Turbo wala GT3, ulizia bearing ya shafti ya kati ya injini kama ilishabadilishwa, ikivunjika injini imekwenda, za kawaida za kuanzia 2009 hazina hiyo shafti. Tairi za nyuma ni pana na zinabeba uzito mwingi, zinaisha mapema kuliko za mbele na kwenye lami mbovu zinanguruma, weka bajeti. Kwa matuta ya Dar au Nairobi tafuta yenye kifaa cha kuinua pua, kuanzia 997 kilikuwepo kwenye baadhi ya matoleo. Na rejeta ziko kwenye pembe za bampa ya mbele, zinakusanya majani na vumbi, mwambie fundi afungue bampa azisafishe kabla ya msimu wa joto, usingoje mshale wa temprecha uanze kupanda.