Kwa Nini Seva ya X Iliendeshwa kwa Mamlaka ya Root

Kila ninapokabidhiwa kompyuta ya Linux niitunze, hutazama kwanza programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini inaendeshwa kwa jina la nani. Juzi, kwenye mashine ya mhasibu mmoja, nilikuta neno root, yaani jina la msimamizi mwenye mamlaka yote, pembeni mwa Xorg, ambayo ndiyo seva ya X, programu hiyo ya madirisha, na nilipokagua faili yenyewe nikaona, katika ruhusa za mmiliki, herufi s mahali ambapo kwa kawaida hukaa x. Maana yake ni kwamba yeyote anayeifungua programu hiyo, hata awe mtumiaji wa kawaida kabisa, huifungua kwa mamlaka yote ya msimamizi.

Kuchora madirisha peke yake hakuhitaji mamlaka hayo. Mfumo wa X, ulioanzia MIT mwaka 1984, ulibebeshwa kazi ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ulipofika kwenye kompyuta za kawaida: kabla ya kuonyesha hata nukta moja, seva yake iligusa kadi ya michoro moja kwa moja, ikafungua /dev/mem ili kuifikia kumbukumbu ya kadi hiyo, kisha ikapanga yenyewe vipimo vya picha. Programu inayoweza kuandika popote katika kumbukumbu ya kompyuta haina kizuizi tena, ndiyo maana kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ilimwachia root peke yake ruhusa hiyo.

Mwaka 2009, Linux 2.6.29 ilianza kuipanga skrini ndani ya kerneli, kwa kadi za Intel kwanza. Na mwaka 2014 seva ya X.Org 1.16 ikaweza kupokea kutoka kwa systemd-logind, huduma inayosimamia watumiaji walioingia kwenye kompyuta, vifaa vilivyokwisha kufunguliwa, vikiwemo kibodi na kipanya. Haja ikaisha, lakini kwenye mashine nyingi ile herufi s ikabaki, na mwaka 2018 hatari yake ikaonekana wazi kupitia kasoro CVE-2018-14665: kwa chaguo la -logfile, mtumiaji wa kawaida aliweza kuiamuru seva iandike taarifa za utendaji wake (log) juu ya faili yoyote, hata /etc/shadow inayotunza nywila.

Nilihakikisha kwamba kadi ni ya Intel, kwa kuwa baadhi ya draiva nyingine bado hudai root, kisha nikaiondoa ile herufi s kwa amri ya chmod u-s. Mhasibu alipoandika startx, amri ya kuanzisha X, madirisha yake yalifunguka kama kawaida, na safari hii pembeni mwa Xorg palikuwa na jina lake.