Swali la mama kuhusu dawa ya Heinz

Jioni ya leo, umeme wa Kadutu ulipokatika tena na mama akiwa anapuliza makala ya kupikia, nilimsimulia kisa ninachowafundisha wanafunzi wangu wa saikolojia hapa Bukavu. Mke wa Heinz anakufa kwa saratani. Muuza dawa wa mji wao ana dawa inayoweza kumponya. Malighafi yake imemgharimu dola 200, naye anadai dola 2,000 kwa dozi ndogo. Heinz anawaendea wote anaowajua, anapata kama dola 1,000, anaomba apunguziwe au alipe baadaye, anakataliwa. Je, avunje duka na kuiba?

Kwa visa vya aina hii mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya mwaka 1958 huko Chicago, aliwahoji wavulana 72 wenye miaka 10, 13 na 16. Hakujali sana kama wamejibu ndiyo au hapana. Alizitafuta sababu zao, na kutokana nazo akapanga hatua 6 za ukuaji wa maadili, kuanzia kwa mtoto anayeogopa adhabu hadi kwa mtu anayeongozwa na kanuni za haki alizozipima mwenyewe.

Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, hao wote waliomkopesha pesa, mbona hakuna hata mmoja aliyefuatana naye kwa mwenye farmasi?"

Wanafunzi wangu hubishana miaka yote kama aibe au asiibe, na hilo hawajaliuliza. Kwa kipimo cha Kohlberg, anayetanguliza mahusiano huwekwa hatua ya 3, chini ya wenye kutaja sheria na haki. Mwanasaikolojia mwenzake, Carol Gilligan, aliupinga mpangilio huo mwaka 1982, akitaja msichana wa miaka 11 aliyetaka Heinz na muuza dawa wazungumze mpaka njia ipatikane. Nami namuunga mkono Gilligan, kwa sababu swali la mama nimewahi kuliona likitendeka.

Nilikuwa na miaka 10. Mdogo wangu alikwisha kupona, lakini hospitali ikamzuilia kwa ajili ya deni. Mama alichukua pesa za zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, ambazo zilikuwa za minervali yangu, yaani karo ya shule, nazo hazikutosha. Wenzake saba wa likelemba wakaenda naye, wakaketi mbele ya ofisi ya mhasibu tangu asubuhi hadi mtoto alipotolewa. Mimi nikapoteza mwaka wa masomo, na nikaamini kwamba nimeibiwa. Nilipofika miaka 20 nilisema kwamba uhai wa mtu unazidi shule, jibu ambalo Kohlberg angelipandisha juu. Leo nina miaka 43, nimo katika kipindi ambacho mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeyagawa maisha katika hatua 8, alikiita cha kulea kizazi kinachokuja, na ninachokiona zaidi katika siku ile ni wale wanawake saba wameketi chini.

Erikson aliuweka uzee katika hatua hiyo ya mwisho, ya 8, ambapo mtu huyatazama maisha yake yote na ama huyakubali, ama huyakatia tamaa. Mama ana miaka 74. Nilimuuliza kama hujutia ule mwaka wangu uliopotea. Hakunijibu hilo, alianza kuwataja wale wenzake kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na wanne waliokwisha kufariki, mpaka sufuria ilipochemka.