33,550,336, namba kamilifu ya tano
Jana usiku, umeme ulipokatika hapa Kadutu, Bukavu, niliwasha mshumaa nikaanza kuigawa 33,550,336 kwenye daftari la mwanangu. Ni namba kamilifu, ya tano baada ya 6, 28, 496 na 8,128, maana vigawanyo vyake 25, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ilivyo. Ni 4,096 mara 8,191, na hii ya pili ni namba tasa. Nilijumlisha 1, 2, 4, nikizidisha kwa mbili hadi 4,096, nikapata 8,191 kamili; vigawanyo 12 vilivyobaki jumla yake ni 8,191 mara 4,095, kwa hiyo ilipungua 8,191 moja tu, ile ile niliyokwisha kuipata. Hapo niliweka kalamu chini, nikaitazama kwa muda mrefu. Namba kamilifu iliyo witiri haijapatikana hata moja.