Bima ya mwaka kwa mtu wa mapato ya siku

Kibanda changu cha pesa za simu kiko Likoni, Mombasa, njia ya kuteremkia feri. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ishike nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, watu hunijia niwasajili kwa *147#. Silipishi, kwa sababu bima hii naiamini, na lawama zangu si za mtu anayetaka turudi tulikotoka.

Ile asilimia 2.75 ya mshahara anayokatwa mwajiriwa kuchangia bima naiunga mkono kabisa. Zamani mwenye mshahara wa laki moja na mwenye milioni walikatwa sawasawa, 1,700 kwa mwezi. Sasa wa laki hukatwa 2,750 na wa milioni 27,500. Aliye nacho ambebe asiye nacho, hiyo ni haki.

Mambo huharibika yakitufikia sisi tusio na mshahara, nasi ni zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi wa Kenya. Mwajiriwa hukatwa mwezi kwa mwezi, pesa hata hazijamfikia mkononi. Sisi kanuni zikatutaka tutoe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 papo hapo.

Jirani yangu anauza mahamri. Alfajiri karai liko motoni, wanaowahi feri wananunua wakipita. Saa nne hunijia na mkebe wa sarafu. Kwanza hutenga pesa za unga, nazi na mafuta ya kesho, halafu hamsini ya chama, halafu nauli ya mtoto. Kinachobaki ndicho kitoweo. Nilipomtajia 3,600 alinitazama akasema, "Mwanangu, kumi kumi za kila siku nitakupa kuanzia leo. Elfu tatu na mia sita nizitoe wapi kwa siku moja?"

Piga hesabu: kumi kwa siku ndiyo hiyo hiyo 300 ya mwezi. Mama huyu hakukataa kulipa.

Baadaye ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango, unarudisha kidogo kidogo. Ni nafuu, sikatai. Lakini inaniuma mtu aingie deni kabla hata hajaugua.

Halafu kuna yale maswali ya kukadiria uwezo, ili mtu apangiwe mchango wake: paa ni la nini, ukuta je, choo cha aina gani, una mifugo? Huku pwani nyumba ya mawe huenda ni ya urithi, ndugu wamegawana vyumba, na ukuta haujui leo kumeuzwa mahamri mangapi. Anayejua ni mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi mlangoni. Serikali iliwapa vifaa wahudumu takriban 100,000 mwaka 2023. Basi neno lao nalo lihesabiwe.

Ninachodai ni kanuni zibadilishwe, tulipe kwa siku au kwa wiki bila mkopo, na anayekwama wiki mbili tatu za mvua asifungiwe matibabu. Simu zetu hutuma shilingi kumi bila taabu. Na asiyeziweza hata hizo kumi, sheria yenyewe imesema serikali imlipie. Majina ya watakaolipiwa yasomwe kwenye baraza la chifu, wazi, sisi majirani tuseme nani ameachwa.