Luger ya 1916, barabara ya Kondoa

Jumamosi nilipanda treni ya SGR ya asubuhi pale Dar, masaa matatu na nusu hivi nipo Dodoma, mjomba ananisubiri nje ya stesheni na pikapu yake. Shikamoo, marahaba, mbukwa za Kigogo kama tano hivi, tukaingia barabara ya Kondoa halafu tukakata kushoto kwenye vumbi, mibuyu mitupu, mpaka uwanja wa shabaha.

Kilichonitoa Dar ni bastola moja tu, Luger P08 ya Mjerumani, ya mzee rafiki yake mjomba, anaimiliki kwa kibali. Mzee akanionyesha juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, pamegongwa 1916. Nikasisimka kweli, maana mwezi wa tano mwaka huo huo, kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa wanapigana na Waafrika Kusini wa jenerali Van Deventer, upande wa Mwingereza, pale Kondoa Irangi, na mwezi wa saba unaisha Van Deventer akashuka huku huku tulikopita sisi akaichukua Dodoma na reli yake.

Sasa hii bastola bwana haifanani na za siku hizi. Unashika vifundo viwili vya juu unavuta nyuma, chuma kinakunjika kama goti, ukiachia kinanyooka na risasi imeshaingia, na hapo hapo kibati kidogo kinanyanyuka juu, pembeni kimeandikwa GELADEN, yaani ina risasi ndani, hata gizani unakipapasa kwa kidole unajua. Magazini inabeba risasi 8 za milimita 9 na springi yake ngumu kweli, dole gumba liliniuma.

Mzee mkali sana, mtutu mbele muda wote, kidole nje ya triga mpaka aseme. Aliposema, nikafyatua. Goti likaruka mbele ya macho yangu, ganda likapaa juu, na mkono haukurushwa kama nilivyoogopa, kishikio kimelala vizuri unaona kama unanyoosha kidole tu. Mbili za kwanza zilikwenda chini, sita zikakaa kwenye karatasi.

Mjomba nikampa zamu yake akakataa. Akasema babu yake alichukuliwa vita ile kubeba mizigo, na walipomaliza kupita ndiyo ikaja mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, Mjerumani amechukua ng'ombe na nafaka, Mwingereza naye akaja akachukua tena na vijana wa kubeba, halafu mvua ikagoma. Watu wanajua majina ya majenerali, mwanangu, alisema, lakini mizigo ya majenerali nani aliibeba?

Mzee akafungua bastola, akakagua chemba, akaifuta mafuta. Tukaokota maganda yote 8 nikamkabidhi. Nikamuuliza mjomba kama gari linaweza kutufikisha Kondoa, akacheki mafuta, akasema twende, kuna mahali babu alimwonyesha akiwa mtoto.