Haya, Mwalimu

Tangu Jumatano ile "haya" inanirudia. Arobaini ya Baba Mkubwa imepita salama, Shangazi kesharudi Tanga, ila mimi bado namwona kijana darasani, tunamsoma Fichte, mwanafalsafa wa Kijerumani, kanyoosha mkono: "Mwalimu, hili neno *Volk* la Fichte ni kabila au taifa?" Nikamjibu, "Taifa, tuendelee." Akasema, "Haya, Mwalimu," akafunga daftari.

Jibu la kivivu. Neno limo katika hotuba zake 14 kwa taifa la Wajerumani. Alizitoa Berlin kila Jumapili, Desemba 1807 hadi Machi 1808, mji umekaliwa na jeshi la Napoleon wa Ufaransa. Prussia, dola ya Kijerumani yenye mji huo, ilishapigwa naye vitani Jena mwaka 1806. Dola ya kushika haipo, akashika lugha. Katika hotuba ya nne anadai Wajerumani wamebaki na lugha yao ya asili, ilhali Wafaranki, ndugu zao wa kale waliohamia Ufaransa, walichukua Kilatini. Na lugha ya kuazima, hasa katika mambo yasiyoonekana kwa macho, mizizi yake imekufa. Kabila tupu! Tena hoja ambayo Mswahili aliyeazima "roho", "akili" na "dini" kwa Waarabu angeicheka.

"Haya, Mwalimu." Alijua nimemkwepa.

Lakini hotuba ya saba inaufungua mlango uliokomewa na ya nne: anayeamini roho na uhuru ni mwenzetu, popote alipozaliwa, lugha yoyote asemayo. Halafu ya nane. Usiku nimeisoma mara tatu, aibu ikageuka furaha. *Volk*, anasema, ni watu waishio pamoja, wakijizalisha wenyewe kimwili na kiroho, chini ya sheria maalumu ambayo kwayo uungu hukua kutoka ndani yao. Si kabila, si taifa. Ni umma! Na anayesema hivyo ndiye aliyepoteza kazi Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1799 kwa tuhuma za kumkana Mungu.

Wengi husema aligeuka, maana mwaka 1793 aliyatetea Mapinduzi ya Ufaransa, kitabuni bila jina. Mimi naona uhuru ni uleule: alipoona Napoleon kausaliti, akautafutia mbebaji mwingine, Wajerumani. Kosa liko hapo. Watu ukishawavika uungu, nani atawaambia wamepotoka?

Jumatano nitamwambia "umma". Najua atakavyouliza: kama wa vyoo vya umma?