Tangi jekundu la mzee: siku moja maishani mwangu kama fundi rangi

Saa 12:30 asubuhi. Cha kwanza ni kumwaga maji ya kompresa. Hapa Dar hewa yenyewe imelowa, na usiku mmoja tu unatosha kuacha nusu kikombe ndani ya mtungi. Maji hayo yakipanda kwenye mpira hadi kwenye bunduki ya rangi, yanatema vidoa vya duara juu ya kazi, na hapo unarudi kwenye msasa. Kijana wangu anafagia, mimi nalowesha sakafu ili vumbi lisiamke. Banda letu liko Gerezani, limebanana na mchomeleaji upande mmoja na muuza spea upande mwingine. Na mchomeleaji tuna mapatano: mimi nikivaa barakoa, yeye anazima mashine ya kusaga.

Saa 1:15. Mzee amefika na kava mbili za pembeni amezifunga kwenye khanga kama mayai.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Tangi limelalaje?"

Tangi limelala vizuri. Ni la pikipiki yake, Honda CG125, lilibonyea alipoanguka nalo. Juzi nililinyoosha na kulipiga fila ya kujaza mashimo, jana praima, ile rangi ya chini. Leo ni rangi, na kazi iko hapo. Angetaka pikipiki nzima ipigwe upya, ningechagua nyekundu yoyote nzuri na jioni tungeagana. Lakini anataka tangi peke yake, lifanane na kava alizozishika mkononi. Kupiga kila kitu ni kazi ya mkono. Kupiga kipande kimoja ni kazi ya macho.

Saa 2. Wateja wengi wanadhani ukipata namba ya rangi ya kiwandani umemaliza. Honda wanaweka karatasi ya rangi, aghalabu chini ya siti, na herufi za mwanzo zinakuambia ukoo: R ni wekundu, B ni buluu, NH ni weusi, weupe na kijivu. Kwa mzee karatasi ilishafutika zamani. Hata ingekuwepo, ingenipa rangi ya siku pikipiki ilipozaliwa, wakati mimi natafuta rangi ya leo, baada ya miaka ya kuanikwa juani nje ya msikiti na shambani Mkuranga.

Nachukua kava moja, naisugua kipande kidogo kwa polishi ya kukata. Ule utando wa kizee unatoka, wekundu wa kweli unachungulia. Kisha nageuza upande wa ndani, pale ambapo jua halijawahi kufika. Ndani ni nyekundu nzito ya damu ya mzee. Nje imepauka, imevuta kidogo kwenye chungwa. Nitafuata ya nje, maana ndiyo itakayokaa jirani na tangi.

Saa 3. Duka la rangi. Kijana wa kwenye mashine ya kuchanganya rangi anatafuta kwenye kompyuta yake, anaona magari tu. Ananipa 3P0 ya Toyota, nyekundu tunayoijua sote. Namkatalia. Ile ni nyekundu iliyofumba, unaiona juu tu. Ya mzee ni kandi, ina kina kama pipi ukiishika kwenye mwanga. Chini kuna fedha yenye chembe za metaliki, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, halafu klia, ile ya juu kabisa inayong'aa na haina rangi. Mwanga unaingia, unapiga zile chembe, unarudi tena kupitia wekundu uleule. Kwa hiyo huwezi kuichota kwenye kopo moja hata ungekuwa na namba ya Honda mwenyewe. Nanunua fedha ya chembe za wastani, dhahabu kidogo ya kuipasha joto, nyekundu ya kandi, klia na hadina yake ya kuifanya igande, na thina inayokauka polepole. Thina ya haraka kwenye unyevu huu inaacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Saa 4:30. Sehemu ninayoipenda. Nina kipande cha bati kilichopinda kama shavu la tangi. Bati bapa linadanganya. Nakipiga fedha yenye dhahabu, nakibandika tepu nzima, nafungua sentimita tatu, napiga mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, wa kandi. Ikikauka, nafungua tatu nyingine, mkono wa pili. Hivyohivyo hadi sita. Mwishoni nina ngazi: yenye mkono mmoja waridi, yenye mikono sita karibu na zambarau iliyoiva. Juu ya yote klia, kwa sababu bila klia rangi haijasema ukweli.

Naenda nayo uani, kava mkono wa kushoto, ngazi wa kulia. Juani, ngazi ya nne. Kivulini, ya nne. Chini ya taa ya tyubu ndani ya banda, ya tano! Naamini jua. Mwaka wangu wa kwanza nililinganisha buluu usiku chini ya tyubu, nikajisifu. Asubuhi mwenye nayo alipoitoa nje, madigadi ilikuwa buluu na tangi lilikuwa linaelekea urujuani. Nililipa thina na usingizi.

Saa 6. Mwenye Boxer anapita. "Dada, mie nataka ing'ae tu, hata kijani." Namkumbusha rangi imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki, akiibadilisha akarekebishe na kadi. Anacheka, anasema basi nyekundu ileile. Wali maharage kwa mama ntilie, dakika kumi.

Saa 7. Barakoa ya vichujio, si ya kitambaa. Hadina ya klia ikishaingia mapafuni haina msamaha. Fedha kwanza. Ukipiga rangi ikiwa majimaji mno chembe zinazama na rangi inakuwa nzito. Ukipiga kavu inakuwa nyeupe. Kwa hiyo shinikizo la upepo, umbali na mwendo wa mkono ni vilevile nilivyotumia kwenye bati. Kandi mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Naanza na kingo, kisha katikati, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Ukikosea, tangi linakuwa pundamilia.

Saa 8:10 umeme unakatika.

Mkono wa nne umebaki. Namfunika mzee wangu wa chuma kwa plastiki isiyomgusa, nakaa. Mchomeleaji naye amekaa. Tunaongea Simba na Yanga hadi saa 9:20, taa inarudi, namwaga maji ya kompresa tena, napiga wa nne. Mikono miwili ya klia.

Saa 11. Mzee amerudi. Kava ananing'iniza karibu na tangi bila kugusa, juani. Zinafanana. Anatabasamu kabla yangu. Lakini mimi nilishaona, na sipendi mteja ajigundulie nyumbani. Namwambia achutame, aangalie kutoka chini, pale tangi linapoingia ndani kwa umbo lake upande wa kushoto. Kuna kivuli cha wekundu mzito kama upana wa kiganja. Kwenye bonde lile kandi imeingia mara mbili. Namwambia naweza kukirudia wiki ijayo.

Anachutama kwa kujishika kiuno. Anaangalia muda mrefu.

"Hapo," anasema, "ndipo goti langu linapokaa."

Kisha anauliza ni lini anaweza kutia petroli.